Visikio vya Mama Filomena

Mliniomba, nyinyi wapishi wadogo zangu wa lile grupu letu la WeChat, niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijaondoka Guangzhou. Mmoja wenu akasema niweke na siri za jikoni. Siri za jikoni hakuna. Kuna chumvi, kuna moto, na kuna kusimama mpaka magoti yagome. Aproni nimeirudisha wiki iliyopita, tiketi ya kurudi Malindi ninayo, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku sina cha kukatakata asubuhi. Basi nitaandika. Mkiona mahali fulani mzee anajikanyaga, mjue ndipo panapomuuma.

Mimi ni mtoto wa Malindi, na mtu wa Malindi wa rika langu hakuhitaji kusafiri ili ajue tambi za Kitaliano. Wataliano walitufuata wenyewe. Nilianza kazi kwenye nyumba ya likizo ya mzee mmoja wa kwao, nikiwa chini ya mpishi aliyeitwa Mzee Bakari. Mzee Bakari hakujua kusoma, lakini alizungumza Kitaliano cha jikoni na cha matusi bila kukwama, na mimi nilijifunza vyote viwili kwa wakati mmoja. Matusi yalinitoka baadaye, nilipoanza kuswali vizuri. Cha jikoni kikabaki.

Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya kabati la tambi kavu akaniambia nisiguse kitu mpaka nijue majina. Majina yake yalikuwa ya kwetu. Zile ndefu ni tambi, basi. Zenye tundu ni mabomba. Zilizobanwa katikati ni vipepeo. Zilizosokotwa ni parafujo. Na zile ndogo za mviringo, zilizobonyea katikati, ni visikio. Kila umbo lina mchuzi wake, alisema, na anayechanganya ni sawa na anayevaa kanzu na gambuti. Bomba hubeba nyama ya kusaga. Parafujo hushika mchuzi mzito. Kipepeo ni cha watoto na cha wageni wasiojua wanachokula. Visikio ni vya mboga za majani zenye uchungu kidogo, kitunguu saumu na dagaa wa chumvi, kwa sababu kila kisikio huchota mafuta yake na kipande chake cha mboga. Mimi nilivipenda visikio tangu siku ile. Ndilo umbo lisilotaka mashine wala kibati cha kukatia, ni unga, maji na kidole gumba.

Mwenye nyumba yule alikuwa na mpwa wake, Bwana Donato, aliyekuwa akinunua vitambaa na vifungo huku Guangzhou. Donato alikuwa amepanga nyumba wilaya ya Haizhu, jirani na mtaa wa vitambaa wa Kangle, na chini ya nyumba hiyo akafungua mkahawa mdogo wa vyakula vya nyumbani kwao, kwa ajili ya wanunuzi wenzake waliochoka na wali. Baba yake alipofariki alimchukua mama yake kutoka kijiji cha kusini kabisa mwa Italia, akamleta aishi naye. Mama yule hakujua Kichina wala Kiingereza. Mwanawe alikuwa sokoni kutwa nzima, naye alikaa ghorofani akiongea na redio iliyozimwa. Donato akaona anahitaji mpishi wa kupika chini na kuzungumza juu. Mpishi wa Kichina angepika lakini asingezungumza. Mpishi wa kutoka Italia, alisema, angekuja na maoni yake. Ndipo mjomba wake akanitaja mimi.

Nilifika uwanja wa ndege wa Baiyun nikiwa na begi moja, na ndani ya begi mlikuwa na ungo wa Malindi ambao afisa wa forodha aliuzungusha mara tatu akitafuta umefichwa nini. Nikapanda metro mpaka Haizhu. Kangle mnaijua, vichochoro vyembamba, roli za vitambaa mabegani mwa watu, na cherehani zinazonguruma kila ghorofa. Nilimkuta Mama Filomena amesimama kwenye mlango wa jiko, gauni jeusi, soksi nyeusi. Hakunisalimu. Alinishika mkono wa kulia, akaugeuza, akaniminya kidole gumba.

"Kirefu," akasema. "Kitakusumbua."

Kisha akanipa kisu cha meza kilichokwisha makali, cha mama yake, akanionyesha kiti.

Sikilizeni jinsi inavyofanywa, maana mashine zenu haziwezi. Unga ni wa ngano ngumu, ule wa rangi ya manjano, unaokwaruza kidogo ukiuvuruga kwa vidole. Maji ya vuguvugu. Chumvi kiasi. Ukande mpaka mkono uchoke, halafu ukande tena. Usokote kamba nene kama kidole, ukate vipande vya ukubwa wa harage, kila kipande ukiburute kwa ncha ya kisu juu ya ubao mpaka kijikunje, halafu ukipindue juu ya gumba. Ubao uwe wa mti usiopigwa randa sana, ili sikio liwe na mikwaruzo ya kushika mchuzi. Wiki mbili za kwanza visikio vyangu vyote vilitupwa. Mama alivikusanya kwa kiganja, akavitia kwenye ndoo bila hasira yoyote, na hilo liliniuma kuliko kufokewa.

Tukiwa tunaburuta, ndipo alipokuwa akihadithia. Walikuwa wasichana watano kwao. Kila Jumamosi mama yao aliwaketisha kwenye meza ndefu, kila mmoja na ubao wake. Wakimaliza, mama yao alivimwaga vyote kwenye beseni moja, kisha anachota kimoja kimoja: hiki cha Filomena, hiki cha mvivu fulani, hiki cha yule anayefikiria wanaume. Hakukosea hata siku moja. Msimu wa zeituni, wachumaji walikula visikio na mboga kutoka sahani moja kubwa, kama sinia letu, na aliyekuwa mumewe baadaye alidai anaweza kuvitambua vya Filomena kwa ulimi.

"Alikuwa mwongo," akaniambia. "Lakini alitafuna kwa makini sana."

Suala la nyama ya nguruwe nililimaliza mapema. Nilimwambia kwamba siigusi na siionji. Alikaa siku nzima kama mtu aliyefiwa. Kesho yake akaja na mchuzi wa Jumapili wa kondoo na ng'ombe, akasema mama yake naye aliupika hivyo mwaka mmoja mbaya ambao nguruwe wao alikufa. Tangu hapo akaligeuza jina langu Kassim, akawa ananiita Cassimo, mwanangu. Nami nikamwita mama, na sikujilazimisha.

Baadaye aliajiriwa dada mmoja wa Kichina, Fang, mtu wa Shanxi, kaskazini huko wanakokula ngano kama sisi tunavyokula sima. Siku ya kwanza alitukuta mezani. Akatazama visikio, akacheka, akanawa mikono, akachukua kipande cha unga na kukibiringisha kwa gumba tupu bila kisu. Kikatoka kisikio.

"Masikio ya paka," akasema. "Kwetu kila nyumba inatengeneza."

Mama alikipeleka mpaka dirishani akakitazama kwenye mwanga.

"Nani kamfundisha huyu?"

"Mama yake," nikatafsiri.

"Basi," akasema, akamsogezea kiti.

Tukawa watatu kwenye meza ile kila asubuhi. Mama anasema Kitaliano, Fang anajibu Kichina, mimi katikati natafsiri, nusu yake nikibuni. Walielewana vizuri sana.

Niwape na jambo la kazi hapa, mliandike mahali. Majira ya kuchipua, upepo wa kusini ukija na unyevu, kuta za Guangzhou hutoka jasho. Sakafu inalowa, nguo hazikauki, na visikio ulivyovitandaza kwenye ungo asubuhi, jioni vimeota ukungu wa kijani. Msifungue madirisha mkidhani mnaingiza hewa. Fungeni, washeni mashine ya kukausha hewa, na unga uwekwe kwenye debe la bati lenye kifuniko. Unga wa ngano ngumu ukishaingia maji hauna dawa. Haya nayajua vizuri, na sasa hivi mtajua kwa nini.

Mama Filomena alitaka kurudi kwao. Hilo sikuwahi kuambiwa kwa siri, lilisemwa mbele ya kila mtu tangu mwaka wangu wa kwanza. Alikuja, alisema, kumtembelea mwanawe, na mtu hazikwi kwenye matembezi. Alitaka kufa kitandani mwake na kulazwa kando ya mumewe, na nafasi yenyewe ilikuwa tayari, jina lake lilishachongwa kwenye jiwe, imebaki kuandika mwaka. Kila akisema, Donato alijibu, "Baada ya maonyesho, mama." Maonyesho ya biashara Guangzhou ni mawili kwa mwaka, ya masika na ya vuli, kwa hiyo daima palikuwa na moja mbele. Yakipita, kontena linakwama bandari ya Nansha. Likitoka, kiwanda kinakosea rangi. Donato hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake kwa namna ya mtoto anayeshika shuka la mama asiondoke. Alisema kule nyumba iko tupu, dada yake Lucia anafanya kazi, hakuna wa kumtunza. Nikamwamini. Mimi ni mpishi, ya familia za watu siyachunguzi.

Siku moja Donato alinivuta kando ya ngazi.

"Kassim," akaniambia, "wewe mpikie kama kwao. Kama kwao kabisa. Akishiba kwao, hatatamani kwenda."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyewahi kunisifu kiasi hicho, nami nikalipokea kama cheo. Nikaanza kutafuta kila kitu. Mboga ya kwao haipatikani huku, nikajaribu majani ya aina nane mpaka nikagundua kwamba jielan, ile sukuma ya Kichina, ukichagua yenye maua na kuichemsha na ganda la limau, inakaribia. Dagaa niliwatia chumvi mwenyewe, kwa mkono wa Malindi. Unga nikaagiza wa kwao, magunia madogo yaliyokuja kwa meli. Mama akionja anafumba macho. Nikimuona amefumba macho, nilijua wiki hiyo hatataja safari.

Kisha akili zikaanza kumtoka. Kwanza alipoteza majina ya vitu, halafu siku, halafu miaka. Alimuuliza mumewe yuko wapi. Cherehani za Kangle alizisikia kama kinu cha kukamulia zeituni.

"Wanakamua," anasema, ameinua kidole. "Cassimo, kinu kimeanza."

"Ndiyo, mama, kimeanza."

"Lucia ameshakuja kuchuma?"

"Yuko njiani."

Donato alituagiza tusimbishie, tusimsumbue. Fang hakupenda. Kwao, alisema, mzee akisahau unamkumbusha taratibu, humsukumi mbali zaidi. Mimi nikamwambia hajui mambo ya Wataliano. Eti mimi ndiye niliyejua. Ukweli ni kwamba nilipata raha mle. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki Malindi na sikwenda, nilipewa habari kwa simu nikiwa nimeshika sufuria. Huyu nilikuwa nimebaki naye. Kila asubuhi alinitazama akafurahi kuniona, hata alipokuwa hajui mimi nani. Na harufu ya mchuzi ikiwa sawasawa, alikuwa kwao, ametulia, hasumbui mtu, haulizi ndege.

Sasa nakuja kwenye kosa. Ilikuwa Ramadhani, imeangukia kwenye siku za kuta kutoka jasho. Fang alisahau kufunika debe. Asubuhi nikakuta unga umeshikana mabonge na unanuka. Nikamtuma dukani.

Akarudi anatikisa kichwa. "Meiyou, hakuna, Lao Ka. Ule wa manjano meiyou kabisa. Nimeleta huu wa kwetu. Ni mzuri, nakwambia. Mama yangu hatumii mwingine."

Lao Ka ndilo jina alilonipa, yaani Mzee Ka. Unga alioleta ulikuwa mweupe, laini, wa ngano nyororo. Mpishi asiyefunga angechukua kisikio kimoja kutoka kwenye maji yanayochemka, angekiuma, na angejua palepale. Mimi nilikuwa nimefunga. Ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema ipo, lakini mwezi ule nilijitia ucha Mungu kuliko kawaida. Anayenionjea Ramadhani ni Fang. Akaonja, akaitikia kwa kichwa, akasema ni vitamu kuliko siku zote. Kwake vilikuwa vitamu kweli, vilikuwa vya kwao.

Mama akatia kimoja mdomoni. Akatafuna. Akasimamisha taya.

"Huu si unga wetu," akasema.

Akatazama meza, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe. Kisha akanitazama mimi, na niliona ananijua.

"Cassimo. Mimi niko wapi?"

Fang hakujua Kitaliano lakini aliacha alichokuwa akifanya. Nikasema, "Uko nyumbani, mama."

"Hapana," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu. "Niko China. Kwa Donato. Na wewe ni Kassim wa Afrika."

Alikaa na akili zake siku tatu. Siku ya kwanza alimwambia mwanawe akate tiketi, Donato akasema baada ya maonyesho, akaondoka mbio. Siku ya pili alinitaka nimpigie Lucia. Namba ilikuwa kwenye simu ya Donato, si kwangu, na nikamwambia hivyo, na lilikuwa kweli. Sikuenda kuitafuta. Siku ya tatu niliingia asubuhi nikamkuta ameketi kwenye kiti karibu na mlango, amevaa koti, kitambaa kichwani, viatu vyeusi vya kwendea kanisani vimefungwa kamba, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba kulikuwa na pasipoti yake, alikuwa anajua droo ilipo. Pesa alikuwa nazo. Nauli haikuwa tatizo.

"Wewe unaijua njia ya uwanja wa ndege," akaniambia. "Ulikuja nayo. Nipeleke."

"Mama, Bwana Donato..."

"Donato ni mwanangu, hawezi. Nakuomba wewe kwa sababu wewe si mwanangu." Akanishika mkono wa shati. "Mwanangu Cassimo, nisife huku. Sijui hata watanifanyaje."

Mnisamehe, hapa niliiacha kalamu nikaenda kunawa uso.

Metro iko mwendo wa dakika kumi kutoka mlango ule. Nimeshawapeleka Baiyun wafanyabiashara wa Unguja na Dar es Salaam wasiojua kusoma kibao chochote, na mizigo yao juu. Kibibi kimoja na mkoba kisingenishinda. Ningeweza kumpakia, kumkalisha dirishani, kumpigia Lucia kwa simu ya mtu yeyote. Kibali changu cha kuishi huku kilikuwa kwa jina la Donato, na hilo nililiwaza. Lakini nisijifiche nyuma ya kibali. Niliwaza pia asubuhi itakayofuata, meza ile, na kiti kitupu.

"Kesho, mama," nikasema. "Kesho nitakupeleka."

"Kesho," akarudia. Akaniamini. Akabaki kwenye kiti na koti lake.

Mchana ule, mimi mfunga Ramadhani, nikavuka mji mzima kutafuta unga wa manjano. Nilibadili treni mara tatu. Duka la kwanza hakuna, la pili hakuna, hoteli moja kubwa mpishi wake alinitazama kama mwizi. La mwisho, upande wa pili wa mto, nikapata mifuko miwili. Fang aliniona naingia nayo. Alijua nimekwenda kutafuta nini na kwa nini.

"Usipike, Lao Ka," akasema. "Muache aende."

"Hii si kazi yako."

"Si kazi yako pia," akanijibu, akaondoka mezani. Tangu siku ile hakukaa tena kwenye meza ya visikio, mpaka alipoacha kazi.

Kesho yake nilikanda tangu asubuhi. Sijawahi kukanda hivyo. Mama alikuwa kitini, koti, viatu, mkoba, ananisubiri. Nikamwambia ale kwanza, safari ni ndefu. Vitunguu saumu vikaanza kunukia, dagaa wakayeyuka kwenye mafuta, jielan ikaingia. Ile harufu ilipomfikia nilimuona anageuza shingo. Nikamuwekea sahani mapajani, juu ya mkoba. Na safari hii nilionja. Nilitema, lakini nilionja, nisije nikakosea.

Alikula cha kwanza. Cha pili. Cha tano akawa amefumba macho. Cherehani zilikuwa zinanguruma jirani.

"Wanakamua," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akainama, taratibu, akafungua kamba za viatu. Akavua kimoja, akavua cha pili, akavipanga chini ya kiti. Hakuomba tena kwenda popote.

Donato alirudi akamkuta anaimba. Alinikumbatia kwenye ngazi. Sikumwambia chochote kuhusu koti na mkoba. Pasipoti nikairudisha kwenye droo yake, mimi mwenyewe.

Aliishi miezi saba baada ya hapo. Kila siku nilipika sawasawa, sikukosea hata mara moja, na najua leo kwamba ule ndio ulikuwa upishi bora wa maisha yangu yote. Akafa asubuhi, kitandani, kabla sijawasha jiko. Yeye ambaye hakujua watamfanyaje huku, walimchoma. Kusafirisha mwili kuna karatasi nyingi, Donato alisema hana nguvu. Wakampa kisanduku cha mbao chenye majivu yake, akakiweka chumbani mwake juu ya kabati.

Baada ya hapo nilidumu mkahawani miaka michache zaidi. Nilifundisha vijana wawili kutumia mashine ya kutoa mabomba na parafujo, na nikawaambia visikio vinachukua muda mno, wateja hawana subira. Uongo. Wateja wangesubiri. Nyumbani kwangu nikitaka tambi siku hizi nanunua za pakiti, zile za bomba dogo zinazokatwa na kiwanda. Zote zinafanana, hakuna mkono wa mtu ndani yake.

Kilichobaki sijamwambia mtu.

Mwezi mmoja baada ya mazishi yasiyo mazishi, Lucia alikuja kuchukua kile kisanduku. Mama wa makamo, nywele fupi zenye mvi, sauti ya Filomena kabisa. Donato aliniomba nimpikie visikio, nami nikapika. Nikaitwa nikae nao mezani, heshima ambayo sikuwahi kuidai. Lucia akala kimoja, akaweka uma chini, akajifunika macho kwa kiganja. Tukamsubiri. Akala cha pili.

"Ni mama," akasema. "Ni mkono wake huu. Umefanyaje?"

"Alinifundisha."

Akala mpaka nusu ya sahani. Donato alikuwa anakata mkate ambao hakuula.

"Nataka kukuuliza, wewe uliyekuwa naye kutwa," Lucia akaniambia. "Nilipokuwa nikipiga simu, Donato alisema amelala, au amechoka. Nikimwambia amlete, alisema mama mwenyewe hataki, amezoea huku. Mimi niliacha kazi kwa ajili yake. Nilimtengenezea chumba cha chini asipande ngazi. Kitanda chake nilikitandika, mpaka leo kimetandikwa." Akanitazama moja kwa moja. "Aliwahi kuomba kurudi nyumbani?"

Mimi ndipo nilipojua habari ya chumba. Nilimtazama Donato. Alikuwa ameshika kisu cha mkate hakikati, macho kwenye sahani yake, na shingo imekuwa nyekundu. Hakuniomba kitu. Hakuninyamazisha. Aliniacha.

"Hapana, signora," nikasema. "Hakuwahi."

"Hata mara moja?"

"Alikuwa anajua yuko nyumbani."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea kabisa. Kisha akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, akaushika mkono wangu wa kulia, akauinamia, akaubusu. Alisema asante kwa yote niliyomfanyia mama yake. Nami nikauacha mkono wangu pale mpaka alipouachia mwenyewe.